Vipande vya fundi na miguu ya mahujaji

Mwishoni mwa Mei barabara inayotoka Busia na Tororo hujaa watu wanaotembea. Wanapita Iganga, wanapita mashamba ya miwa ya Kakira, wanaingia Jinja na bendera ya parokia yao mbele, rozari mkononi, wengine ndara zimefungwa kwa kamba ili zisiwaache njiani. Wanakwenda Namugongo, karibu na Kampala, mahali ambapo tarehe 3 Juni 1886 wafiadini Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Wengi ni wa huku kwetu mashariki mwa Uganda, na wengine wametoka Kenya magharibi. Kutoka Jinja hadi Kampala zimebaki kama kilomita 80, na katikati kuna msitu wa Mabira, kwa hiyo makundi mengi hulala hapa kwanza, kesho yake ndipo yanavuka Nile.

Kanisa letu liko upande wa Walukuba na lina ukumbi wa sakafu ya saruji. Kwa miaka mingi tulikuwa tunawatandikia mikeka, basi. Lakini Mei ni mwezi wa mvua, ziwa liko karibu, na saruji ikishapoa usiku inatoa baridi inayopanda hadi kwenye nyonga. Mtu aliyetembea kutwa nzima akilala hapo anaamka amekakamaa na bado ana siku kadhaa za kutembea. Habari ya kununua blanketi ilizungumzwa kwenye vikao, bei ikatajwa, watu wakatazamana, kikao kikafungwa kwa sala. Ndipo kina mama wa jumuiya tukaanza kushona mifarishi, zile shuka nzito za vipande vilivyounganishwa, kwa mabaki tunayopewa na mafundi wa nguo.

Nitasimulia Jumamosi moja tu, ile ambayo kundi la kwanza lilikuwa linatarajiwa jioni.

Kwangu siku huanza na sigiri. Mzee wangu ana presha, anakunywa dawa baada ya uji wa wimbi, na uji huo lazima uwe umepoa kidogo, la sivyo atakaa nao hadi saa tatu. Mjukuu wetu wa darasa la tano alikuwa na sare za kufua. Nikamenya viazi vitamu, nikachemsha mukene, yaani dagaa wa ziwani, nikasaga karanga, nikaacha vyote vimefunikwa mezani kabla sijagusa sindano. Hili silifanyi kwa sifa. Nimewaona wenzangu wanaokimbilia kanisani huku nyumbani hakujapikwa, na mwisho wake mume anamlaumu padri, padri wa watu ambaye hata hajui kuna maharage yaliyoungua. Kazi ya kujitolea ina hasara kama haikuanzia jikoni kwako mwenyewe.

Gunia lilikuwa barazani tangu juzi. Nililitoa mjini, Main Street, kwa mafundi wanaokaa na cherehani zao za miguu kwenye varanda za maduka ya zamani ya Wahindi. Kitenge kinauzwa yadi sita, fundi akishakata gauni na kilemba panabaki vipembe, na vipembe hivyo zamani vilikuwa vinaishia kwenye mito ya kulalia au kwenye moto. Sasa fundi wangu ananiwekea. Mimi nampelekea kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi, yeye ananipa gunia, na hatujawahi kuandikiana mkataba.

Kuchambua gunia ndiyo kazi ambayo wengi hawaipendi, nami ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu Mzee huja kukaa nami. Alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil, kiwanda kilichokua pamoja na bwawa la umeme la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale. Macho yake yamepungua nguvu ila vidole bado vinajua. Anakipitisha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, anasema, "Pamba." Kingine, "Pamba na nailoni, wamechanganya." Akiwa na shaka anachomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unanukia karatasi, na kuacha jivu laini linalopukutika. Ule wa viwandani unayeyuka, unajikunja, na ukipoa unaacha kidonge kigumu cheusi. Mjukuu anapenda jaribio hilo kupita kiasi na imebidi kiberiti kikae mfukoni mwa babu yake.

Kuna sababu ya kujisumbua hivyo. Kitambaa cha pamba na cha nailoni havizeeki pamoja. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, nailoni hairudi, kwa hiyo mfarishi uliochanganywa ukitoka kwenye maji unakuwa na mikunjo na mashavu kila mahali. Tena pamba inapigwa pasi ya moto mkali, na pasi hiyo hiyo ikigusa nailoni inaondoka nayo. Mabaki ya gomesi, yale magauni marefu ya kina mama, nayo tunayaweka kando. Ni mazuri, yanang'aa, na gomesi ni heshima ya mwanamke wa huku tangu fundi wa Kigoa, Gomes, alipoishonea shule ya Gayaza mwaka 1905, lakini kitambaa chenyewe kinateleza. Ukikiunganisha na kitenge kinakimbia chini ya mguu wa cherehani, na usiku kitamkimbia mlalaji. Hivyo vya gomesi tunawaachia wasichana wanaoshona vifuko.

Vipande vya pamba huoshwa kabla ya kukatwa. Watu wapya kwenye kikundi hulalamika hapa, maana wanaona tunachelewa. Lakini kitenge chekundu kipya kina tabia yake. Ukikishona bila kukiosha, mvua moja tu, cheupe kilicho jirani kinageuka waridi. Tunaviloweka usiku, tunavisuuza mpaka maji yatoke meupe, tunavianika kivulini. Halafu pasi. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, nasi tunaokaa karibu na bwawa tumeshachoka kufanyiwa mzaha kwa jambo hilo. Pasi ya makaa haikatiki, nayo ni nzito, inanyoosha vizuri zaidi. Ujihadhari tu na cheche.

Saa nne tulikuwa tumekusanyika chini ya mwembe wa kanisani, kila mtu na mkasi wake. Anayetuongoza ni bibi mmoja tunayemwita Jaja, kama kila bibi wa huku anavyoitwa. Hasomi vizuri tena, wala hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, kwa hiyo watoto wa katekisimu humtungia sindano kadhaa mapema na kuzichomeka kwenye kitambaa cha kichwa chake, anazichomoa moja moja. Amezaliwa Buddu, upande wa Masaka, na baba yake alikuwa anatengeneza lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Anasema gome likishabanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mti hubaki na matundu palipokuwa na matawi, na baba yake alikuwa anakata kiraka cha gome hilo hilo, anakishona mpaka mgeni asione palipozibwa. Alichojifunza mtoto yule akikaa pembeni na kuangalia ndicho anachotufundisha sisi: kiraka kielekee kule inakoelekea nguo. Kwa kitambaa cha kufumwa maana yake ni kuangalia nyuzi zinakwenda wapi. Ukikata mraba kwa mshazari unavutika kama mpira, na mstari mzima unapinda.

Kipimo chetu ni mraba wa inchi sita uliokatwa kutoka katoni ya sabuni. Mshono ni robo inchi, usipungue. Tunaunganisha vipande viwili viwili, halafu mistari, kisha mstari kwa mstari, na kila mshono unapigwa pasi upande mmoja kabla ya kwenda mwingine. Ndani tunatia blanketi iliyochakaa au shuka mbili kuukuu, chini tunaweka amerikani au kitenge kikubwa kilichozeeka. Tabaka zote tatu zinatandazwa kwenye mkeka, zinanyooshwa kwa mikono, halafu tunapiga bandi, ule mshono mrefu wa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni hewa na mikunjo inakimbilia katikati, na hapo hutaitoa kamwe.

Cherehani ya miguu haipitishi unene huo wote vizuri, na kushona mistari kwa mkono mfarishi mzima ni kazi ya majuma. Kwa hiyo tunafunga vifundo. Unapitisha uzi mnene chini na juu, unafunga mara mbili, unakata, unasogea upana wa kiganja, unafunga tena. Kina mama wanne wakikaa pembe nne wanakutana katikati kabla ya chakula cha mchana. Faida nyingine ni kwamba vifundo vinaweza kufunguliwa, tumbo la ndani likabadilishwa likioza, na juu pakabaki.

Palikuwa na ubishi siku hiyo. Binti mmoja aliyesomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi alikuwa ameshona juu ya mfarishi wenye nyota, ncha nane, kitenge cha bluu na manjano, kila ncha imekutana na mwenzake bila kupishana. Kazi ya macho kweli. Jaja akautazama, akaupapasa, akauliza, "Huu umekula muda gani?" Binti akasema. Jaja akasema, "Hujaji anajifunika gizani. Nyota ataiona saa ngapi?" Watu wakacheka, na binti akainama.

Mimi sikucheka sana. Jaja alikuwa na haki kuhusu muda, kwa sababu tulikuwa bado na mifarishi mitatu haijafungwa vifundo na jua lilikuwa limepanda. Lakini kijana akifanya kitu kwa ukamilifu ule ukamchekelea, mwaka kesho hutamwona. Nikasema tuumalize wa nyota polepole na tuutoe kwenye mnada baada ya misa. Mnada wa kanisani hapa kwetu unauza hata kuku mmoja mara tatu, kwa nini usiuze nyota? Jaja akafikiri, akasema sawa, ila fedha iende kwenye sabuni na maharage, isiende kwenye rangi ya geti. Geti letu lina historia ndefu ambayo sitaianza hapa.

Mchana nilirudi nyumbani mara moja. Nikaanua sare kwa sababu wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, nikamkuta Mzee amelala kwenye kiti na redio inaongea peke yake, nikanywa chai kavu na kiazi nikiwa nimesimama. Mjukuu akaniuliza kama mahujaji huwa wanakuja na biskuti. Nikamwambia wanakuja na njaa. Akavaa kandambili akanifuata.

Ukumbini kazi zilikuwa zimegawanywa na katekista: vijana maji, wanaume kuni na sufuria kubwa za posho, yaani ugali, sisi chakula na malazi. Chakula hakijawahi kutushinda. Ukitangaza hujaji anakuja, mtu wa Walukuba asiye na kitu ataleta kikombe cha maharage. Hapa watu wamechanganyika tangu nyumba hizi zilipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, Wasoga, Wajaluo, Wateso, Wasamia, Wanubi, Walango, na lugha ya kuombana chumvi ukutani imekuwa Kiswahili muda mrefu kabla ya Katiba kukitaja mwaka 2005. Kwa hiyo mgeni si jambo geni.

Kinachokosekana kila mwaka ni mabeseni. Sote tunafikiri kwanza tumbo la mgeni. Lakini ukikaa mlangoni na kuwatazama wanavyoingia, utaona macho yao hayaendi jikoni, yanatafuta mahali pa kukaa na kuvua viatu. Dada mmoja muuguzi wa kikundi chetu ndiye aliyetufungua macho. Alituambia posho inaweza kusubiri nusu saa, miguu isisubiri. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitambaa safi cha kukaushia, na malengelenge yasibanduliwe ngozi, kwa sababu ngozi ile ndiyo bandeji. Lililopasuka lenyewe linaoshwa na kufunikwa. Anayetokwa usaha au mwenye homa hasafiri kesho, hata akilia. Basi siku ile nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiazima mabeseni, nikayaandika kwa rangi ya kucha chini yake ili kila moja lirudi kwa mwenyewe, na vipembe vya pamba vilivyokuwa vidogo mno kwa mraba wa inchi sita tukavichemsha kuwa vitambaa vya miguu. Hapo hata Jaja alifurahi, maana hapendi kutupa.

Walifika giza linaingia, wakiimba, sauti zimekwaruzwa na vumbi la kutwa na mvua ya njiani. Mbele alikuwa mzee mwenye bendera, akasema, "Hodi hapa, wenyewe mko?" Tukaitikia karibuni. Baada ya hapo ni msukosuko tu: nani ana funguo za choo, taa ya ukumbi haiwaki, mtoto amelala juu ya gunia la unga, mama mjamzito ambaye hakuna aliyejua amewezaje kufika hapo. Jaja alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango akiwasalimia mmoja mmoja. Mwaka 1969 alikuwa Kampala, Papa Paulo wa Sita alipokuja, na kila hujaji anayempa mkono lazima asikie habari hiyo. Wengi wanaisikiliza huku miguu iko kwenye beseni, hawana pa kukimbilia.

Nikawa nagawa mifarishi. Kanuni yetu ni wazee kwanza, halafu wenye watoto, halafu wagonjwa, vijana watagawana kilichobaki. Mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka aliupokea wake, hakushukuru kwanza, akaugeuza. Akapitisha mkono chini, akavuta kifundo kimoja, akatazama mshono. Nikajua huyu ni fundi mwenzetu. Akaniuliza, "Mama, kwa nini vifundo mmeviweka upande unaogusa mwili?"

Nikamwambia tuliona juu pakae safi, pasionekane nyuzi.

"Juu pakae safi kwa ajili ya nani? Mimi nikilala ubavu kifundo kinanichoma nyongani. Vigeuzeni vitokeze juu, acheni mikia ya uzi mirefu kidogo, itakuwa kama maua. Na huu ukingo mkunje mara mbili, utafumuka."

Aliyasema bila kuficha na bila kudharau, akajifunika, akalala. Nilikwenda moja kwa moja kwa Jaja nikamweleza. Jaja akanyamaza, akapapasa mfarishi uliokuwa magotini mwake, akageuza upande, akabonyeza kifundo kwa kiganja. Kisha akasema yule mama apewe nyama kwenye mchuzi wake. Nyama haikuwepo, tulikuwa tumepika maharage, nikampelekea parachichi. Binti wa nyota alikuwa amesikia yote. Alikuwa anajizuia kucheka, na safari hii sikuona sababu ya kumkataza.

Nilifika nyumbani usiku, mjukuu mgongoni ingawa ni mkubwa kwa kubebwa. Mzee alikuwa ameosha vyombo, ameviinamisha kwa namna yake ambayo maji hayatoki. Akauliza kuhusu kitambaa kimoja cha kijani alichokuwa amesema ni pamba, kama kimevumilia pasi. Nikamwambia kimevumilia. Akaridhika, akaenda kulala.

Kundi liliondoka baada ya misa ya alfajiri. Mnada ukafanyika saa za kawaida na nyota ikaondoka kwa bei nzuri kuliko jogoo, na Jaja akaomba binti afundishe wengine wawili, ila baada ya Juni. Siku mbili baadaye tukakaa mtoni na mifarishi, wanawake wawili kwa kila mmoja, maana ukishashika maji mtu mmoja hawezi kuukamua. Tukahesabu, mmoja haupo. Padri akauliza kama atangaze, pengine umechukuliwa kwa bahati mbaya na mvua ya asubuhi ile. Jaja akamkatalia: "Uache, Baba. Nao umekwenda kuhiji."

Hatujauona mpaka leo. Mingine tunaifungua vifundo na kuvifunga upya kwa juu, polepole, jioni zikiruhusu. Fundi wa mjini amenipigia simu kuwa ana gunia la mabaki ya sare za shule, khaki na bluu. Nimemwambia aniwekee, lakini Mzee ataambatana nami safari hii na kiberiti chake, kwa sababu khaki ya siku hizi haiaminiki.